Sekunde ya Tatu

Mwalimu wa fizikia alitupa kazi ya nyumbani: kila mmoja aangushe kitu kutoka juu, apime muda mpaka kiguse ardhi, kisha atafute urefu. Unazidisha sekunde kwa sekunde, halafu mara tano, ndizo mita. Kwetu Wingwi hakuna ghorofa, lakini baba yangu alikuwa mkwezi, na mnazi wa nyuma ya nyumba ulikuwa tayari kuanguliwa. Niliazima simu ya dada nikajiona alama zote ni zangu.

Baba akakwea. Mimi nilikaa chini ya mnazi kuokota, kama siku zote. Kabla ya kuangusha alikuwa na ukelele wake, "Nazi hiyooo!", nami nikiusikia tu nabonyeza simu na kukimbilia ukutani. Nazi ikipiga chini, nabonyeza tena. Sekunde tatu. Tulirudia mara nne, zikaja tatu zilezile.

Mita arubaini na tano! Mwalimu alilisoma jibu langu mbele ya darasa, akauliza kama kwetu tunaangua nazi kwenye mnara wa simu. Walicheka mpaka wa dirishani. Nilirudi nyumbani nimevimba, hata salamu sikuitoa vizuri.

"Baba, umeniaibisha. Ukiita si uachie papo hapo?"

Alikuwa ananoa panga, hakuinua kichwa. "N'achie papo hapo, na weye hujatoka chini? Mie nangoja n'kuone ushafika ukutani."

"Hesabu haitaki hivyo."

"Basi hesabu na ije ikwee yenyewe."

Mimi na ubishi wangu sikutaka kusikia zaidi. Nilifuta tatu, nikaandika mbili, zikatoka mita ishirini, nikapata vema. Baba sikumwambia.

Sasa mwalimu ni mimi, huku Gombani, na kila mwaka naliandika swali lile ubaoni. Baba tulimzika kabla sijapata kazi. Namtamani kwa vitu vidogo vidogo, harufu ya makumbi ya nazi mikononi mwake, kikohozi chake mlangoni. Ukelele ndio unaoniumiza zaidi. Sikuurekodi hata mara moja, na simu nilikuwa nayo mkononi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama mama, nikamkuta ameita mkwezi mwingine, mtu wa makamo, mwepesi wa kazi. Nilisimama ukutani, palepale pangu. Huyu aliita na kuachia kwa pamoja. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza simu bila kutumwa, na nazi ilipopiga chini kikabonyeza tena.

Sekunde mbili. Mita ishirini, jibu sahihi, kama la kitabuni.

Mama aliniuliza nalia nini. Nilimwambia nazi za siku hizi zinaanguka upesi mno.