Kidonge Ndani ya Mchuzi

Kila mchana baada ya chakula, Aluoch aliogopa kutoka nje hata kuanika nguo. Mumewe Obura, fundi wa injini aliyehamia Kampala kutoka Kisumu vita vya Uganda vilipokwisha, alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Mikono ilitetemeka, uso uliganda, hatua zilifupika. Hayo walishayazoea. Kilichomtia Aluoch hofu ni pumzi. Saa ile ya mchana kifua kilikaza, macho yakamtoka Obura, akashindwa hata kuita.

Aluoch alimkalisha, akamwinamisha juu ya mto mezani, akapumua kwa sauti ili amfuate.

"Polepole, Baba Akeyo. Pumua nami."

"Unapumua kama trekta," Obura alinong'ona alipopata nafasi. "Nitakufuataje?"

Aluoch hakucheka. Alikuwa akijiuliza kama pumzi ile ndiyo ya mwisho.

Zahanati ilikuwa imempa Obura vidonge na kumwambia ameze asubuhi, mchana na jioni, basi. Hakuna aliyeuliza anavimeza na nini. Nasema wazi: mgonjwa hatupiwi dawa kama kuku anavyotupiwa mahindi. Ana haki ya kuelezwa, hata kama foleni imefika barabarani.

Maji yalimpalia Obura, kwa hiyo mchana, kwenye mlo mkubwa, Aluoch alisaga kidonge akakikoroga katika mchuzi mzito wa samaki. Kwao Wajaluo, watu wa ziwa, mgonjwa asiyepewa samaki ametupwa. Kadiri pumzi ilivyozidi kubana, ndivyo alivyozidisha samaki, ili apate nguvu.

Jumamosi moja mafuriko yaliziba njia ya Bwaise, na Asuman mchuuzi wa samaki hakufika kwao Bukoto. Aluoch akakoroga kidonge katika uji mwepesi, akaketi akingoja. Monique, jirani yao Mkongomani, aliingia kuomba kiberiti.

"Mama Akeyo, mgonjwa ni nani humu? Unatetemeka kumshinda Papa Obura."

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

Aluoch alikitazama kifua cha mumewe. Lakini kifua hakikukaza. Obura aliomba chai, akajikokota mwenyewe hadi mlangoni. Jumapili samaki walipatikana, kidonge kikarudi ndani ya mchuzi, na mchana huohuo pumzi ikabana tena. Aluoch alimshika mabega. Mkono uliokuwa ukimkaba mumewe huenda ulikuwa wake mwenyewe.

Jumatatu alisimama mbele ya muuguzi Laker wa zahanati ile, akakataa kuondoka mpaka ajibiwe.

"Samaki, nyama, maharage, vyote huizuia dawa hii isifike inakotakiwa," Laker alisema. "Ikichelewa, mwili hukaza, na kifua pia. Ameze kwanza, ale baadaye. Samaki amle jioni, dawa ikishatangulia. Pumzi ikibana hata hivyo, mlete haraka, tumpime kifua."

"Mbona hamkuniambia?"

Laker aliitazama foleni. "Tulipaswa kukuambia, mama."

Obura alipoelezwa aliguna. "Mjaluo anyimwe samaki mchana?"

"Utakula jioni."

"Na jioni nikikosa pumzi?"

Aluoch alikisaga kidonge. Alimnywesha kidonge ndani ya uji kidogo, kijiko baada ya kijiko, akakiweka chakula mbali. Kisha akalaza kiganja kifuani mwa mumewe. Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. Mchana wote hakuthubutu kuuondoa mkono.