Memori Mbili na Diski Moja

Bibi harusi wa Minago alikuja kuchukua vidio ya harusi yake akiwa na mtoto mgongoni. Hakunigombeza. Aliketi kwenye benchi letu pale barazani, akamshusha mtoto, akampa ziwa, kisha akasema, "Madamu, nilikuwa nadhani utatupatia mbele huyu hajazaliwa." Akacheka. Nami nikacheka, lakini uso uliniwaka. Haikupita wiki, utani ukawa umeenea soko zima la Rumonge: ukitaka mtoto, mwite Madamu akupigie vidio ya harusi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa na kukulia Tanzania, kambini, na tuliporudi Burundi nilikuwa msichana mkubwa mwenye Kirundi cha jikoni na Kifaransa cha kubahatisha. Kazi ya kupiga vidio niliianza siku za mapumziko, kwa simu, halafu kwa kamera ndogo niliyouziwa na mtu aliyekuwa anahama. Kupiga hakukuwa shida. Shida ilikuwa montaji, ile kazi ya kukata picha na kuziunganisha. Kompyuta yangu ilikuwa ya mezani, kuukuu, imetoka katika ofisi moja ya Bujumbura iliyokuwa ikibadilisha vifaa. Nikiipa picha za kamera moja, inatembea. Nikiipa za kamera mbili, inakokota miguu. Za kamera tatu, inaganda kabisa: kishale kinageuka duara, duara linazunguka, naenda kuchambua maharage, narudi, duara bado linazunguka. Harusi ya Minago ilikuwa ya kamera tatu, yangu na mbili za kuazima. Mara mbili mashine ilizimika katikati ya kazi na kuniacha nianze upya. Ndiyo maana mtoto alifika kwanza.

Kwa hiyo nilishangaa nilipomwona mama kiongozi wa kwaya anapiga hodi kwangu. Alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini, muuza ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, mwanamke mwenye sauti ambayo ukiisikia sokoni unageuka hata kama hakuiti wewe. Kwaya yake ilikuwa ya kina mama tu, wengi wao waliovuka kuja huku na watoto mikononi na kuanza maisha upya kando ya ziwa hili hili.

"Mama mwalimu," alisema, "kwaya yetu iko natimiza miaka kumi tangu tufike huku. Tunataka vidio. Nyimbo sita. Siku ya sikukuu tuionyeshe ku ukuta ya kanisa, watu wote waone."

Nikaona ni haki nimwambie ukweli. "Mama, umesikia habari ya Minago?"

"Nilisikia. Ule mutoto ni muzuri sana." Akanitazama bila kutabasamu. "Lakini siye tulishamaliza kuzaa. Utatupatia ku siku yake."

Nikakubali. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Wiki mbili tulizunguka tukipiga: wimbo mmoja kwenye mchanga asubuhi, mwingine katikati ya michikichi ya Kizuka, kina mama wamevaa vitenge vya rangi moja na viatu wamevishika mkononi kwa sababu ya tope. Picha zilikuwa nzuri mno. Nilipozimwaga kwenye kompyuta na kuzipanga, kamera tatu, moja juu ya nyingine, ilifanya nilichokijua. Ikaganda. Sikukuu ilikuwa imebakiza wiki sita.

Fundi wa kompyuta niliyemjua alikuwa mmoja, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye chumba cha michezo karibu na soko. Ndani kulikuwa na skrini nne, na vijana walilipa ili wacheze mpira na mashindano ya magari. Alinikaribisha kwa heshima, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanifungulia mashine yake moja. Ndani mlikuwa na feni zinazowaka taa za bluu.

"Amahoro, Madamu, amani tu, usihangaike. Shida iko kadi ya picha, ile yenye kuchora vitu ku skrini. Angalia hapa, gari zinapita mbio, hakuna kukwama. Vidio tu itaishindaje?"

Alisema kwa imani, na ushahidi ulikuwa unapita mbele ya macho yangu kwa mwendo wa gari la mashindano. Lakini kadi kama ile ilitaka pia kubadilisha kile kisanduku kinachopeleka umeme ndani ya mashine, kwa sababu changu kisingeibeba. Vyote kwa pamoja vingemeza akiba yetu ya mabati ya kuezekea jiko, na bado vingedai zaidi.

Nyumbani nikamweleza mume wangu. Naye ni mwalimu, anafundisha hesabu, na ana tabia ya kujibu kwa swali.

"Umejuaje kwamba kinachougua ni hiyo kadi?"

"Fundi kasema."

"Mwanafunzi wako akianguka mtihani, si huwa unaangalia kwanza ni swali lipi lilimshinda?"

Nilichukia kidogo, kama mtu anavyochukia akiambiwa kitu ambacho angepaswa kukijua. Jumamosi iliyofuata nikachukua daftari la shule, nikachora safu nne, nikafungua lile dirisha ambamo kompyuta yenyewe inaonyesha inatumia nini. Nikaweka wimbo wa Kizuka na kamera zake tatu, nikabonyeza ucheze, nikaandika. Prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri, ilikuwa inafanya nusu ya kazi yake, nusu nyingine inangoja. Kadi ya picha, hiyo dhaifu iliyozaliwa na mashine, ilikuwa karibu imelala. Memori, ambayo ndiyo inayoshika kazi ya wakati huo, ilikuwa imejaa hadi pomoni. Na diski, lile la zamani linalozunguka ndani kama sahani, lilikuwa limefika mia kwa mia na limebaki huko huko. Nikarudia mara ya pili, mara ya tatu. Jibu halikubadilika.

Wiki hiyo nilisoma kwenye simu kila mapumziko ya saa nne, kwa Kifaransa, neno moja baada ya jingine, huku watoto wanapiga kelele uwanjani. Taratibu kikaeleweka. Mchezo unaitaka mashine ichore picha ambayo haijawahi kuwepo, na iichore sasa hivi, kabla gari halijapita. Mimi picha zangu zilikuwa zimeshapigwa. Nilichotaka ni mashine izisome upesi kutoka kwenye diski na iwe na nafasi ya kuzishika zote tatu kwa pamoja. Nikajifunza pia njia isiyo na gharama: kutengeneza nakala nyepesi za picha, kufanya montaji kwa hizo nakala, kisha mwishoni programu yenyewe inarudisha zile picha halisi. Nikajaribu na wimbo mmoja. Kutengeneza nakala kulichukua siku nzima kwa uzembe wa diski, lakini zilipokuwa tayari, kwa mara ya kwanza kamera mbili zilitembea bila kukwama. Nilijua niko kwenye njia.

Nikarudi kwa fundi na daftari langu. Alilisoma, akatikisa kichwa.

"Memori na diski? Madamu, hivyo ni vitu vya sekreteri wa kuandika barua."

Vijana waliokuwa wanacheza wakacheka. Nikamuuliza kama amewahi kwenda Kizuka kukamua mawese. Alikuwa amewahi, mama yake anakamua.

"Basi, mukiwa na mashine kubwa ya kukamua, na chikichi zinaletwa na mtu mmoja kwa bakuli, mutapata mafuta mengi?"

"Hapana. Mashine itangoja."

"Yangu inangoja. Nataka kuongeza watu wa kubeba."

Alifikiri kidogo. Hakukubali, lakini alinirudishia daftari kwa mikono miwili. "Jaribu, Madamu. Ikikataa, utanikuta hapa."

Nilipanda gari la asubuhi kwenda Bujumbura. Ndani ya leso, kwenye mkoba, nilikuwa nimefunga kipande cha memori ya zamani nilichokichomoa mwenyewe, maana nilikuwa nimesoma kwamba memori zinafanana kwa mbali lakini haziingiliani. Tulipita Minago, tukapita Muhuta, ziwa likiwa karibu sana na barabara, na njia nzima nilikuwa naupapasa mkoba kama mtu aliyebeba mayai.

Muuzaji wa vifaa vya kompyuta aliniuliza kabla sijaketi, "Ni kwa ajili ya michezo?"

"Ni kwa montaji."

"Ni sawasawa tu." Akaniletea memori zenye taa. Nikafungua leso, nikaweka kipande changu kando ya chake. Kila memori ina pengo dogo kwenye meno yake, na pengo la yake lilikuwa mahali pengine.

"Hii haitaingia," nikasema.

"Itaingia, mama. Unasukuma kwa nguvu."

Nikamtazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyesema mbwa amekula daftari. Akainama chini ya meza, akatoa droo, akapekua, akapata mbili za aina yangu, zilizotumika, kila moja ya giga nane. Nikamwomba azitie kwenye mashine yake mbele ya macho yangu. Zikasoma kumi na sita. Nikachukua na diski jipya, lile la aina isiyozunguka, jembamba kama kitabu cha maombi. Nilipolipa, nilikuwa nimegusa akiba ya mabati, lakini sehemu kubwa yake ilibaki.

Jumapili baada ya ibada, mimi na mume wangu tuliilaza kompyuta ubavu juu ya meza ya kulia chakula. Yeye alishika bisibisi, mimi nilishika kila kitu kingine. Nikafunga diski, nikapachika memori, nikawasha. Mashine ikalia mlio mrefu, mara tatu, na skrini ikabaki nyeusi.

"Imekataa?" akauliza.

Nilikuwa naona mabati, naona kina mama wamesimama na viatu mkononi. Nikazima, nikachomoa waya, nikakaa chini. Nilipotulia nikazitoa memori, nikazipeleka dirishani kwenye mwanga. Meno yake ya shaba yalikuwa yamefifia, yana ukungu wa miaka ya droo. Nikachukua kifutio cheupe cha shuleni, nikayasugua polepole, upande huu na upande ule, nikapuliza, nikafuta kwa kitambaa kikavu. Nikazirudisha, safari hii nikazibana mpaka pembeni zikalia, ta! na ta!

Nikawasha. Ikalia mara moja, mlio mfupi. Skrini ikafunguka, na kwenye kona ikaandika kumi na sita.

Jioni ile hapakuwa na la kuonyesha, maana ilibidi nipandishe programu zote upya. Lakini Jumatatu baada ya shule niliuweka wimbo wa Kizuka, kamera tatu, nakala nyepesi ambazo sasa zilichukua muda wa kupika ugali tu. Nikabonyeza. Kina mama wakaanza kuimba, na hawakukwama. Nikaruka katikati ya wimbo, wakaimba kutoka katikati. Nikarudi nyuma, wakarudi. Nilipiga kigelegele kilichomtoa jirani nje na mwiko mkononi, akiuliza ni nani amejifungua.

Kazi kama ile iliyonishinda kwa harusi ya Minago niliifanya kwa wiki mbili na nusu. Nilipomaliza, sikukuu ilikuwa bado siku tisa. Fundi alikuwa amesikia, Rumonge si kubwa, akaja mwenyewe jioni moja jua likiwa bado juu. Alikataa kuketi.

"Nenda katikati," aliniambia. Nikaenda. "Badilisha kamera." Nikabadilisha. "Rudi nyuma, haraka haraka." Nikarudi.

Akainama, akachungulia ndani ya mashine kupitia matundu ya ubavuni. "Na kadi haiko?"

"Haiko."

Akainuka wima. Halafu akasema jambo lililonifanya nimheshimu mpaka leo: "Madamu, hapa wewe umenipita. Unifundishe zile nakala. Watu wa harusi wananiuliza pia, mimi nawauzia kadi tu."

Nikamfundisha pale pale. Alijifunza upesi kuliko mimi.

Siku ya sikukuu kina mama walivua vitenge vyao vya juu wakavitundika kwenye madirisha ya kanisa ili kuwe giza mchana ule. Fundi alileta projekta ya kuazima na kuiweka juu ya mabenchi mawili. Wimbo wa kwanza ulipoanza, ukuta mzima ukawa mchanga na maji na sura za watu tunaowajua. Wimbo wa pili, mama mzee kuliko wote kwenye kwaya aliinuka, akatembea mpaka ukutani, akasimama mbele ya uso wake mwenyewe uliokuwa mkubwa kuliko mlango.

"Huyu ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe, mama!" kanisa likajibu.

"Kumbe naimba hivi!" Akageuka kututazama, picha ikimchezea juu ya nguo, akaanza kuimba. Wenzake wakamfuata wakiwa wamekaa, kisha wakiwa wamesimama, mpaka wimbo wa sita hakuna aliyejua sauti ipi inatoka kwenye spika na ipi inatoka kwenye mabenchi.

Mama kiongozi alinikuta mlangoni. Alinishika mikono yote miwili, ile sauti yake yote imekauka kwa kuimba. "Murakoze," alinishukuru kwa Kirundi, na tena, "murakoze cane," asante sana. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu wa kwaya ya Muhuta, wageni waliokuja kwa sikukuu. Mmoja wao akaniuliza kama naweza kuwafanyia na wao, na itachukua muda gani.

Nikawatajia tarehe kamili, bila kusitasita.