Jibini Isiyofika Mdomoni mwa Bibi

Jibini nilijifunza kwenye jiko la nyumba ya wageni mjini, ambako kazi yangu ni kumenya viazi na kutamani kazi ya mpishi. Siyo jambo kubwa. Unachemsha maziwa, yakipanda unayakamulia ndimu, yanakatika, unayamimina kwenye kitambaa safi na kukining'iniza mpaka maji yaishe. Kinachobaki ni cheupe, laini, hakihitaji meno. Hilo la meno ndilo lililoniingia moyoni, maana bibi yangu, ninayeishi naye huku Itetemia, amebakiwa na mawili, tena hayakutani.

Alikuwa anakonda. Nesi wa zahanati alishaniambia wazi kwamba ugali na mlenda havimtoshi mtu aliyetoka kuumwa. Nyama hawezi kutafuna. Mayai anasema yananuka. Maziwa yanamjaza tumbo. Nikasema basi, jibini ndiyo itakayomnyanyua, na siku moja nitafungua mgahawa wa chapati za jibini karibu na stesheni, yeye akae mlangoni, amenenepa, anakaribisha watu.

Ya kwanza niliining'iniza juu ya beseni nikaenda kuoga. Kurudi, kitambaa kimeshafuliwa, kiko kwenye kamba. Bibi amekaa na kibuyu chake cha maziwa ya mgando ya kugawia majirani, anakitikisa taratibu.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu utoto, "maziwa yako yalikuwa yanavuja yote. Nimeyawahi."

Nilikaa chini nikashika kichwa.

Ya pili niliilinda kama mtoto. Nikaikaanga na kitunguu na nyanya, nikamwekea pembeni ya ugali laini. Akainusa, akatabasamu, akafunika sahani.

"Bibi, kula ikiwa ya moto."

"Ngoja kwanza. Chakula kizuri hivi, halafu mtu aje akute sahani tupu?"

"Nani anakuja?"

"Sijui. Ndiyo maana nangoja."

Na mtu akaja. Kwa bibi hakuna siku inayopita bila mtu kuja. Safari hii alikuwa mzee mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani, akaila yote akilamba vidole, kisha akauliza ni samaki gani huyu. Ya tatu ikaliwa na fundi baiskeli. Ya nne niliimwagia asali, nikadhani utamu utamshinda bibi. Ikapelekwa kwa mwanamke aliyejifungua, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Yule ananyonyesha," bibi akasema. "Mimi namnyonyesha nani?"

"Lakini napika kwa ajili yako, siyo kwa ajili ya kata nzima."

"Basi pika nyingi."

Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili ili nisimjibu vibaya. Kwenye mzunguko wa pili nikakumbuka kitu. Mgeni akimletea bibi chakula, bibi hukifunua palepale na kukila mbele yake. Kwake yeye, kukiweka kando ni matusi.

Jibini ya tano nikaibeba kwa mlango wa nyuma hadi kwa mama jirani. Nilipomweleza mpango wangu, na jinsi jibini inavyotengenezwa, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Yaani nimletee bibi yako chakula chako mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Na usiondoke mpaka amalize."

Alasiri akapiga hodi, hotipoti mkononi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu."

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, nachungulia. Bibi akafunua. Viazi vitamu vilivyopondwa, jibini juu yake. Akala kijiko cha kwanza, akafumba macho. Akala cha pili. Akaendelea mpaka akawa anafuta sahani kwa kidole.

"Una mkono, mwanangu," akamwambia. Kisha akageuza shingo kuelekea jikoni. "Mume wangu, njoo umsikilize mwenzio anavyopika hii kitu. Ya kwako wageni huwa wanaila kwa kukuonea huruma."

Nikatoka nikakaa kwenye kigoda kama mwanafunzi. Mama jirani, uso mkavu kabisa, akanieleza namna ya kukamulia ndimu, nami nikaitikia kila hatua. Alipomaliza nikamwomba, kama hatajali, atuletee tena Alhamisi.