Majani Makavu Katika Matundu ya Bafu

Kaka yangu alimvunja fundi wa gesi meno mawili kwa kosa lililokuwa langu. Natanguliza hilo kwa sababu kipigo kile kilipoanza, nilisimama kando nikiwa na ukweli wote mdomoni, na sikuutoa.

Mtambo wa kuchemshia maji kwa gesi ulikuwa zawadi yetu kwa mama, ambaye naishi naye juu ya Usa River, upande wa mlimani, ambako mwezi wa Julai baridi hushuka kutoka Meru na kulala ndani ya nyumba. Fundi alitaka kuufunga nje, chini ya paa. Kaka alikataa, alisema kitu kikiwekwa nje kitaibwa kabla hakijapata vumbi, akaamuru uwekwe bafuni. Walibishana asubuhi nzima. Hatimaye fundi alikubali kwa masharti: mtungi ubaki nje, bomba la moshi litokeze ukutani, na ukuta utobolewe matundu mawili, moja karibu na sakafu, jingine karibu na dari. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungio kuona kama gesi inavuja, kisha akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye ningebaki na mama.

"Dada, haya matundu yasizibwe hata siku moja. Huu moto unavuta hewa ileile anayovuta bibi."

Nilimjibu kwamba nimeelewa. Nimesoma chuo, nilielewa kweli.

Lakini mama alianza kulalamika kuwa upepo wa matundu yale unamchoma mgongo kama sindano. Sisi tuliolelewa katika nyumba za mbao za mlimani tulifunzwa jambo moja kila kipupwe kilipoanza: kukusanya majani makavu ya migomba, kuyasokota, na kuyashindilia katika kila ufa kwa mpini wa kisu. Mikono yangu ilifanya hivyo bila kuniuliza. Niliyashindilia vizuri.

Jumapili iliyofuata mama aliingia kuoga kabla ya ibada. Maji yalimwagika kwa muda mrefu mno. Nilimwita, hakuitika, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kwa ndani. Kaka, aliyekuja kumpeleka kanisani, aliupiga teke mara mbili, ukagoma. Mimi nikachukua shoka la kuni nikaupasua. Mama alikuwa amelala kifudifudi, maji ya moto yakimpiga mgongoni. Tulimburuta kwa mikono hadi uani, na kichwa chake kikagonga kizingiti kwa kishindo ambacho bado nakisikia. Nilimpiga mama yangu makofi, shavu hili na shavu lile, kwa nguvu zangu zote, hadi alipotapika na kuvuta pumzi. Hospitalini walimwekea oksijeni, wakamshona juu ya jicho, wakatuambia ataishi.

Kesho yake kaka alimpigia fundi simu, akamwambia aje, kuna kazi ndogo. Fundi alifika na mfuko wake wa vifaa, akatuamkia shikamoo sote wawili. Kabla sijaitikia, kaka alikuwa amechomoa spana kubwa kutoka mfuko uleule na kumtandika nayo mdomoni. Fundi akaanguka kwenye mibuni. Kaka akamkalia kifuani.

"Ulitaka kumuua mama yangu."

Fundi hakurudisha hata ngumi moja. Alitema damu, akasema, "Kaka, kaangalie matundu." Akapigwa tena. Akayarudia maneno yaleyale, na safari hii hakumtazama kaka, alinitazama mimi.

"Mwache," nilisema. "Niliyaziba mimi."

Kaka aliingia bafuni. Alitoka na majani yamemjaa mkononi, akanikaba shingo, akanishindilia majani yale mdomoni kama nilivyoyashindilia ukutani, hadi macho yangu yakaingia giza. Aliyenitoa mikononi mwake ni fundi. Alimvuta kwa nyuma kwa nguvu zilizombakia, damu ya kidevu chake ikilowesha shati la kaka.

Nilidhani hatarudi tena. Alirudi baada ya wiki mbili, akiwa na pengo, kwa sharti kwamba kaka asiwepo. Aliuhamisha mtambo nje, akaufungia ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria siku ile ya mabishano. Alinipa brashi na povu la sabuni nipake viungio kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwomba msamaha; akaniambia nimsogezee ngazi. Nilipomuuliza kama sasa matundu yale ya ukutani yanaweza kuzibwa, alisema niyaache.

Juzi mama alinilalamikia tena kuhusu upepo wa bafuni. Nilipasha sweta lake karibu na jiko, nikalikunja mapajani, nikakaa nje ya mlango ambao siku hizi hauna komeo, nikimwita kila baada ya muda mfupi, naye akiitika kwa hasira.