Waya wa Kijivu Chini ya Kiti

Irulappan aliwahi kumnyang'anya karani wa ghala la vitunguu ufunguo wa pikipiki yake mwenyewe, akautia mfukoni mwa shati na kumwambia aende kazini kwa miguu mpaka breki zitakapowekwa mpya. Karani alitukana ukoo mzima, waliozikwa na watakaozaliwa. Irulappan aliendelea kusugua mikono yake kwa mafuta ya taa.

"Nitukane tu kaka, maadamu uko hai," alimwambia. "Ukishakufa utamtukana nani?"

Huyo ndiye jirani yangu. Kwa miaka thelathini gereji yake imepakana na kibanda changu cha kuziba pancha, hapa nje kidogo ya Dindigul. Kazi yake ilikuwa zile pikipiki ndogo zinazobebeshwa magunia matatu, mbuzi wawili na shemeji juu yao. Hakuwa mtu wa kupendeza. Alikuwa mbishi, bahili wa maneno, na akicheka ilibidi uulize kama anaumwa. Lakini pikipiki iliyotoka mikononi mwake ilisimama ulipoiambia isimame, na watu wa mji huu walijua hivyo.

Kisha zikaja za betri. Serikali ikasema zile ndogo kabisa, zisizozidi kilomita ishirini na tano kwa saa, zihesabiwe kuwa baiskeli. Hazitaki namba, hazitaki leseni, hazitaki bima. Mji mzima ukafurahi, kwa sababu mtihani wetu wa leseni ni kupiga nane: unaendesha juu ya mchoro wa nane chini, mkaguzi anakukodolea macho, na mguu ukigusa ardhi mara moja tu umefeli. Nimeona wanaume wenye wajukuu wakitoka pale wanalia.

Sornam alifeli nane mara mbili. Alikuwa binti wa Pechiammal, dada yake Irulappan. Mumewe alikwenda Tiruppur kwenye viwanda vya fulana, akapata mke mwingine huko, akamwachia mtoto wa miaka minne aitwaye Yazhini. Sornam alijitafutia riziki kwa kununua vikonyo vya jasmini mashambani alfajiri na kuvipeleka soko la maua. Biashara hiyo haina huruma. Kikonyo lazima kifike kikiwa kimefumba. Kikifunguka njiani, wafuma mashada wanakiangalia kama wanavyoangalia samaki wa jana.

Kwetu mjomba si mgeni wa arusi. Mtoto hutobolewa masikio akiwa mapajani mwa mjomba, na siku zote za maisha yake zawadi ya kwanza ni ya mjomba. Basi Irulappan akamnunulia Sornam baiskeli ya betri, ya bluu. Wakaipeleka hekaluni, wakaweka ndimu chini ya magurudumu, ikazikanyaga, na kila mtu akaridhika kwamba jicho baya limepondwa nazo.

Haukupita mwezi Sornam alikuwa gerejini, mikono kiunoni.

"Mjomba, huyu punda umemtoa wapi?"

"Punda hamuui mtu."

"Ananiua njaa! Maua yananifungukia kwenye kapu. Na mabasi yakinipita yananipuliza mpaka mtaroni. Jana kizee cha baiskeli ya kupiga pedali kimenipita, tena kimenipungia mkono!"

Nilicheka mpaka nikaangusha patasi. Irulappan hakucheka.

"Watu wanasema kuna waya mmoja," Sornam akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Wa kijivu, chini ya kiti. Ukikatwa, inakimbia kama zile nyingine. Vijana wa stendi wanaukata kwa bei ya chai."

"Nenda stendi basi."

"Nikienda stendi watanikatia na wa breki. Wewe ndiye mjomba wangu au nikatafute mwingine?"

Wengi walikuwa wamemwomba jambo hilohilo, na wote aliwafukuza. Lakini huyu alimpakata mwenyewe siku ya kutobolewa masikio. Alinyanyua kiti, akachukua koleo, nikasikia *tik*, sauti ndogo kabisa. Alimwapisha kwa jina la mama yake kwamba atavaa kofia ngumu kila siku. Sornam akaapa, na nasema hapa wazi kwamba aliivaa, maana baadaye watu walisema mengine.

Alipoondoka nilimuuliza: "Na bima?"

"Baiskeli haina bima."

"Lakini sasa si baiskeli tena."

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyetaja jeneza kwenye arusi, akarudi kwenye kazi yake. Na mimi nikanyamaza. Najilaumu kwa hilo mpaka leo, ingawa majuto ni mjukuu.

Siku tatu kabla ya Pongal, sikukuu yetu ya mavuno, wakati jasmini inapokuwa ghali kuliko mwaka mzima, lori la maziwa lilikata kona kuvuka barabara liingie getini kwa kiwanda, na Sornam akaligonga ubavuni. Dereva wa lori, Arokiasamy, hakukimbia kama wanavyokimbia wengi. Alimbeba mwenyewe mpaka hospitali, shati lake limeloa damu na maua yamemng'ang'ania mikononi. Kabla ya adhuhuri Sornam alikuwa amekufa.

Sitasimulia mazishi. Irulappan alifanya yote yampasayo mjomba na hakutoa chozi, na wanawake wakamsema.

Wiki mbili baadaye Pechiammal alikuja gerejini na wakili, kijana mwenye mkoba mpya. Wakili alieleza polepole, kama anayesomesha watoto. Lori lilikuwa na bima. Kama ile ya bluu ni baiskeli kama kanuni zinavyosema, kosa lote ni la lori, na Yazhini atalelewa na kusomeshwa kwa fidia hiyo mpaka awe mtu mzima. Lakini watu wa bima wameomba ikaguliwe hukohuko kituo cha polisi ilikowekwa. Ikionekana imechezewa, watasema marehemu aliendesha chombo cha moto bila leseni, bila namba, bila bima, tena kwa mwendo wa kasi, na mtoto atapata makombo au asipate kitu. Mkaguzi atakuja kesho asubuhi.

Pechiammal hakujua habari ya waya. Alimtazama kaka yake, macho yamemvimba.

"Kaka, wewe ndiwe uliyeinunua. Iko sawa, sivyo?"

"Iko sawa, dada."

Walipoondoka Irulappan alifungua sanduku la vifaa. Kisha akachukua koleo na utepe mweusi, akaniita kwa jina langu: "Vellaichamy! Yule askari anayeilinda kituoni anapenda kuongea. Njoo uongee naye."

Nilikwenda. Usiniulize kwa nini, nilimfikiria mtoto. Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma, na uani kwa kituo kulikuwa na askari mmoja tu, ambaye Irulappan alikuwa amemtengenezea pikipiki yake wiki mbili kabla. Irulappan akasema anataka kutoa sanamu ndogo ya mungu aliyoibandika mwenyewe kwenye usukani, aipeleke kwa mama wa marehemu. Askari akaona huruma, akamruhusu. Mimi nikaanza kumsimulia habari za tumbo langu, na yeye akanisimulia za tumbo la mkewe. Juu ya bega lake nilimwona Irulappan amepiga magoti. Aliziunganisha zile ncha mbili, akazisokota, akazifunga utepe. Kisha akakwangua tope kavu chini ya bati la gurudumu, akalitemea mate na kuupaka utepe mpaka ukaonekana wa siku nyingi. Fundi ni fundi. Ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na alitoka na sanamu mkononi.

Asubuhi mkaguzi alinyanyua gurudumu la nyuma, akawasha, akapima. Ishirini na tano. Akaandika.

Mahakama ya fidia ilikaa mwezi wa nne. Arokiasamy aliitwa, mtu mnene wa miaka hamsini hivi, na rozari shingoni. Alisema ameendesha lori miaka ishirini na mbili na hajawahi kukwaruza hata kuku.

"Niliiona, mheshimiwa," alisema. "Sikatai. Niliiona iko mbali. Haikuwa na namba, nikajua ni zile za mwendo wa konokono, maana zote haziruhusiwi kukimbia. Nikapiga hesabu nina muda wa kuvuka. Halafu ghafla ilikuwa imeshanifikia. Ilikuja kama pikipiki."

Wakili wetu akasoma karatasi ya mkaguzi kwa sauti. Ishirini na tano, wala si ishirini na sita.

"Labda ilikuwa na mbawa," akasema, na watu nyuma wakacheka. Arokiasamy aliitazama ile karatasi kinywa wazi. Sheria ni msumeno, lakini siku hiyo ulikata upande mmoja tu. Hakimu akaandika kwamba kosa lote ni la dereva. Kesi ya jinai dhidi yake ilikuwa bado inamngoja.

Tulitoka barazani. Pechiammal alikuwa ameketi kwenye benchi akilia, kwa nafuu au kwa uchungu sijui, Yazhini amelala mapajani mwake. Arokiasamy akaja upande wetu. Nilidhani anakuja kupigana, nikasimama mbele.

"Mzee," akamwambia Irulappan juu ya bega langu, "naambiwa wewe ni mjomba wa marehemu, tena ni fundi wa vyombo hivi. Sikuja kubishana. Nisamehe kwa msiba. Lakini naomba nikuulize kitu kimoja, maana silali. Ile baiskeli inaweza kwenda kwa kasi niliyoiona mimi?"

Irulappan alimtazama dada yake. Akamtazama mtoto. Nikamwomba Mungu, nikiri kweli, Irulappan aseme uongo.

"Haiwezi," alisema.

Arokiasamy alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi.

"Basi ni macho yangu. Mke wangu alisema nikayapime, nikamdharau. Kesho narudisha leseni na funguo za lori. Afadhali umeniambia mzee, kabla sijaua mtoto wa mtu mwingine."

Akaunganisha viganja kifuani, akamwinamia na kumshukuru. Irulappan naye akaunganisha viganja vyake, akaipokea ile shukrani.