Mama Lenzi na Mashine Isiyotaka Mwingine

Nyuma ya duka moja la miwani, katika chumba chenye vumbi la kioo, alifanya kazi mama mmoja ambaye wenzake walimwita Mama Lenzi. Kwa miaka kumi na tisa alikata lenzi kwa mashine iliyoongozwa na kompyuta kuukuu, yenye Windows ya zamani ambayo vijana wa siku hizi waliisikia kwa masimulizi tu. Ilikuwa na vituko vyake, na vituko hivyo alivijua yeye peke yake. Sifa hiyo ikawa pingu.

Binti yake alipojifungua pacha mji wa mbali, Mama Lenzi alikwenda kwa meneja kuomba wiki mbili.

"Hongera sana, mama," meneja akasema, akikuna kichwa. "Sasa ile mashine nani ataiendesha?"

"Basi tubadilishe kompyuta. Shemeji yangu ni fundi. Anasema kuna mfumo mwingine wa kompyuta, Linux, unawekwa bure."

Meneja hakuwa mtu wa kukataa cha bure. Jumamosi shemeji akaja na kompyuta mpya, akaweka Linux, ikawaka kufumba na kufumbua. Moyoni Mama Lenzi alikwishafunga mizigo. Wakaunganisha mashine. Kimya. Wakabadili waya. Kimya vilevile.

"Shemeji, Linux haina kosa," fundi akasema akifuta jasho. "Waliounda mashine hii waliandika programu yake kwa Windows ile tu, na kampuni yao ilishafungwa. Hata vipimo vya madaktari wa macho vinakuja kwa programu ya Windows. Watu wanadhani biashara huchagua mfumo ulio bora. Wapi! Inakwenda na ule ambao vyombo na wateja wake wameshauzoea."

"Kwa hiyo walichagua siku waliponunua mashine."

"Ndiyo. Na wewe ukachaguliwa humo humo."

Wakairudisha kompyuta kuukuu. Mashine mpya, meneja alisema, labda mwakani. Mwaka juzi alisema hayohayo.

Mwishowe Mama Lenzi alipewa siku nne, baada ya kumfundisha muuzaji wa dukani. Siku ya pili alikuwa akimwogesha mjukuu simu ilipolia.

"Mama Lenzi, imegoma! Kioo cha kompyuta chote buluu!"

Akaelekeza, simu ameibana begani, mtoto akilia, maji yakipoa. Haikusaidia kitu. Alfajiri akapanda basi kurudi.

"Mama, umeolewa na kompyuta?" binti aliuliza mlangoni, pacha mmoja kila mkono. Mama Lenzi alicheka ili binti asilie. Ndani ya basi akalia mwenyewe.

Meneja alimpokea kwa furaha kama mgeni wa heshima. Mama Lenzi alivaa aproni, akahangaika na kompyuta mpaka alasiri, ikakubali. Lenzi za kwanza zilikuwa za mzee aliyekuwa akisubiri tangu jana.

"Mwanangu, umeniokoa," mzee akasema, akijaribu miwani.

"Karibu tena, baba," akaitikia, akarudi ndani. Foleni ilikuwa ndefu.