Maganda Matupu kwenye Silinda

Mume wangu alikusanya bastola za zamani, zile kubwa za magnum zenye silinda, na asikudanganye mtu kwamba hilo ni jambo la kawaida kwa mhadhiri Mkenya anayeimba kwaya. Wenzake walinunua viwanja Kitengela. Yeye alinunua vyuma vilivyotengenezwa kabla hajazaliwa, akavifungia kwenye sefu iliyopigwa bolti ukutani, chumba cha nyuma, nyumbani kwetu mtaa wa Observatory, huku kusini mwa Afrika tulikohamia kwa kazi. Akina mama wa kikundi cha maombi walikuwa wakiniuliza napataje usingizi. Niliwajibu kwamba kinachoninyima usingizi ni kukoroma kwake, hayo mengine nilishayazoea.

Mwanzoni nilimfuata kwa wivu tu. Nilitaka kujua kuna nini huko kinachomchukua mume wa mtu kila Jumamosi. Uwanja wa shabaha ulikuwa chini ya kilima cha mchanga wa mgodi wa dhahabu uliofungwa, na mchanga huo ndio uliokuwa ukimeza risasi. Siku ya kwanza bastola ilinipiga teke, mikono ikaruka hadi juu ya kichwa, masikio yakalia hata chini ya vizibo. Nilimwambia sirudi tena. Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kuingia garini.

Alinifundisha kwa hila moja, nami niliichukia. Alinipa mgongo, akajaza silinda mwenyewe, na katikati ya risasi nzima akachomeka maganda matupu, yale ya risasi zilizokwisha kupigwa, nisijue yamekaa wapi. Unavuta kifyatulio ukitarajia mshindo, kumbe nyundo imegonga ganda tupu, inalia ta, basi. Hapo ndipo unapoumbuka. Ukiwa na woga mtutu unainama wenyewe, maana mwili umeshajikunja kungoja teke ambalo halipo. Ananiambia nimeogopa, kwa sauti ile ile ya kusahihisha wanafunzi. Nilimtukana kimoyomoyo miezi mingi. Mwishowe mtutu wangu ukatulia, naye akanipikia ugali na matumbo kwa mkono wake.

Mwaka 2016 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kwanza kikombe cha chai, halafu vifungo vya shati. Daktari alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauponi, utamla polepole. Tulipokuwa tunarudi, mimi nikiendesha, tulisimama kwenye robot, taa za barabarani kama wanavyoziita huku, pale pa kuingilia mtaani kwetu, nyekundu ikiwaka, akasema bila kunitazama:

“Mimi sitalishwa kwa kijiko. Hilo lijue mapema.”

Babake aliugua hivyo hivyo kijijini, akalishwa uji miaka mingi, na aliyekuwa akishika kile kijiko ni mume wangu mwenyewe. Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, nami nikashindwa kuingiza gia.

Sikuhitaji kufafanuliwa zaidi. Sheria ya huku inataka ufunguo wa sefu ukae kwa mwenye leseni peke yake, na mwenye leseni alikuwa yeye. Chuo kilimstaafisha mapema, akawa anashinda nyumbani peke yake na ule ukuta wa sefu. Mimi niko kazini benki, upande wa Randburg, roho mkononi. Saa ya chakula nampigia simu, eti nyama imetolewa kwenye friza? Eti fundi wa bomba ameshafika? Simu ikiita sana naanza kutafuta funguo za gari. Eish, nilizeeka mwaka ule. Nikimsihi aziuze zile bastola, ananiambia nisimzike kabla hajafa.

Jumamosi tuliendelea kwenda, kwa sababu huko angalau nilikuwa namwona. Vidole vyake havikuweza tena kuchomeka risasi, kwa hiyo kazi ya kujaza silinda ikawa yangu, yeye amesimama ubavuni. Siku moja, sijui aliyenituma ni shetani au malaika, nilisubiri ageuke kuvaa vizibo vya masikio, nikajaza maganda matupu tu. Silinda nzima. Nilitaka aone jinsi mkono ulivyoharibika, aone haya mwenyewe, aache. Nilikuwa na hakika mtutu ungeinama hadi chini.

Akainua bastola kwa mikono miwili. Ule mtetemo wa kwenye chai ukakoma kabisa. Daktari alikuwa ametuambia kwamba mara nyingine mkono hutulia ukipewa kazi, lakini sikuwa nimeyaamini hayo. Akavuta. Ta. Mtutu haukusogea hata chembe. Alijua papo hapo nilichofanya, maana mwenye hila ni yeye, lakini hakuacha. Alivuta tena na tena hadi silinda ikaisha, mtutu umetulia tuli. Miaka yote nilifundishwa kwamba huo ndio ushindi. Siku hiyo sikuuona ushindi, kwa sababu nilikuwa namtazama mtu ambaye haogopi tena chochote kinachotoka kwenye kile chuma.

Akaiweka mezani. “Umeona?”

“Nimeona. Tunapita nyumbani, unafungua sefu, tunazipeleka zote dukani Randburg leo hii.”

Nilidhani atafoka. Akakaa kwenye benchi, mkono ukaanza kutetemeka juu ya goti, akautazama.

“Utanilisha wewe?”

“Nitakulisha mimi.”

“Si mtu mwingine.”

“Si mtu mwingine.”

Mwenye duka la silaha alizipanga kwenye kaunta akizisifu moja moja, na mume wangu akamjibu maswali yake yote kwa adabu, kama baba anayeoza mabinti. Mimi nilifurahi, nisiwe mnafiki. Siku hiyo nililala fofofo.

Aliishi hadi 2019. Niliacha kazi, nikashika ahadi yangu: uji asubuhi, supu mchana, viazi vya kuponda jioni. Hakunilaumu hata siku moja, na mwishoni hata sauti ya kulaumu hakuwa nayo. Lakini kila nilipoinua kijiko, kabla hakijamfika mdomoni, alifumba macho kwa nguvu na mabega yakajikunja, yule yule ambaye mtutu wake haukutikisika. Kila kijiko. Nami nilingoja afumbue macho, nikachota kingine.